Istilahi za Upelelezi katika Riwaya Zilizosahauliwa

Wahakiki wetu wengi wamezoea kuziita riwaya za uhalifu, mapenzi na starehe za mjini "fasihi pendwa", na baada ya kuzipa jina hilo huziacha zilipo. Katika siku za karibuni baadhi ya wasomi wamezirudia. Hili ni jambo la kushukuriwa, kwani nakala zake za kwanza zinazidi kuadimika. Katika makala haya tunakusudia kuzipima kwa kipimo kimoja tu, nacho ni istilahi. Je, riwaya hizi zilimpa msomaji maneno ya kutajia uhalifu, ushahidi na haki? Tena msomaji tunayemfikiria si yule wa Mji Mkongwe wala wa Kariakoo. Ni yule wa Karatu na Ngorongoro.

Tumemchagua msomaji huyo kwa sababu maalumu. Karatu ni nchi ya Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Juu yake, katika nyanda za Ngorongoro, wako Wamaasai na Wadatooga wenye lugha za Kinailoti, na kando ya Ziwa Eyasi wako Wahadza. Lugha zote hizi hazipangi nomino zao kwa ngeli za Kibantu. Msukuma au Mgogo akikutana na neno "mpelelezi" kwa mara ya kwanza, umbo lake halimshangazi, kwa kuwa lugha yake nayo huunda majina ya watu kwa namna hiyo. Mwiraqw hana urithi huo, hivyo umbo la neno analijua kwa kulikuta mara nyingi likifanya kazi. Istilahi inayofaa Karatu, basi, ina uwezekano mkubwa wa kufaa kila mahali nchini.

Tuanze na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi yake "Mzimu wa Watu wa Kale" ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Baadaye zilifuata "Kisima cha Giningi" (1968), "Duniani Kuna Watu" (1973), "Siri ya Sifuri" (1974) na nyinginezo. Bwana Msa, mvuta kiko, ni ndugu wa karibu wa Sherlock Holmes, na jambo hilo limekwisha kusemwa sana. Lililosemwa kidogo ni kwamba Abdulla aliupandikiza utaratibu mzima wa kigeni, yaani kuuliza, kulinganisha na kukata shauri kwa hoja, ndani ya Kiswahili ambacho hakikuonekana kuhangaika. Vitenzi alivyovihitaji vilikuwapo tayari: kushuku, kudadisi, kupeleleza, kufichua. Hata hivyo hatuna budi kukiri kwamba lahaja yake ya Unguja, iliyojaa misemo na mafumbo, humwia ngumu msomaji wa bara. Sifa ile ile inayoitia riwaya utamu ndiyo inayomchelewesha mgeni wa lugha.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha tofauti ya maneno yanayosafiri na yasiyosafiri. Pwani ilimwita polisi asiyevaa sare "askari kanzu". Neno hilo ni zuri palipo na kanzu nyingi, kwa kuwa lasema kwamba mtu huyo hapambanuki na wengine. Lakini Ngorongoro, ambako wengi hujifunga shuka, askari aliyejificha ndani ya kanzu angetambuliwa na kila mchungaji. "Mpelelezi" hutaja kazi wala si vazi, na kwa sababu hiyo limepanda mlima bila taabu.

Faraji Katalambulla aliandika "Simu ya Kifo" (1965) kwa Kiswahili chepesi zaidi, akakifanya chombo cha kisasa kuwa kiini cha hofu. Asili ya neno "simu" ni Kiajemi, na maana yake ilikuwa waya. Leo mchungaji wa Ngorongoro hubeba mkononi "simu" isiyo na waya wowote, wala hakuna anayeona kasoro. Istilahi iliyokwisha kuzoewa haiulizwi tena asili yake.

Katalambulla huyo huyo alihariri "Film Tanzania", jarida la hadithi za picha, na hapo ndipo uhalifu ulipokutana na sinema. Watazamaji wa sinema nao walijipatia "stelingi", yaani shujaa wa picha ambaye kila mtu anajua kwamba hafi. Wasanifu wengi wangelikataa neno hili, lakini "mhusika mkuu" halibebi ahadi hiyo ya kutokufa. Kwa kulinganisha, tukumbuke "Hatari!", filamu ya Howard Hawks iliyotolewa mwaka 1962 baada ya kupigwa kaskazini mwa Tanganyika. Ilichukua kwetu mandhari, wanyama na neno moja la kuweka juu ya tangazo, lakini haikuuachia msamiati wetu kitu. Vijitabu vya bei nafuu vilitoa zaidi.

Sasa tufike penye uzito. Riwaya ya Bwana Msa haiwezi kwenda bila kutenga "mshukiwa" na "mhalifu", kwa kuwa hadi kurasa za mwisho watu wengi wanashukiwa na mkosaji hajulikani. Msomaji hujifunza kwamba kushukiwa si kukosa. Katika riwaya za kijasusi za Elvis Musiba, kuanzia "Kufa na Kupona" (1974), mambo yamegeuka. Willy Gamba hupambana na adui anayejulikana, na mara nyingi bastola humaliza kesi kabla ya hakimu. Riwaya hizi zina kasi, na lengo lake la kutetea ukombozi wa Afrika ni la heshima. Lakini ndani yake "mshukiwa" hana nafasi kubwa, wala "mshtakiwa". Sisi twaona hiyo ni hasara ya lugha pamoja na ya sanaa.

Hasara hiyo haiishii vitabuni. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu. Mtu wa Endulen au Mang'ola aliyekamatwa anahitaji kujua bila shaka yoyote kama anaitwa mshukiwa, mshtakiwa au mhalifu, kwani la kwanza linamwacha na haki zake zote na la mwisho linamhukumu. Orodha ya istilahi humpa tafsiri ya maneno hayo, lakini hadithi humwonyesha tofauti yake.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, riwaya hizi zisomwe upya na waundaji wa istilahi, na maneno yake ya uhalifu na mashtaka yaandikwe pamoja na sentensi zilizoyatumia, kabla nakala hazijaliwa na mchwa. Pili, kila istilahi ya sheria ijaribiwe kwa wasomaji wasio wa pwani kabla ya kusanifishwa. Neno ambalo Karatu hawalielewi halijamaliza safari yake.