Ufundi wa Kusoma Nuru Iliyopinda

Nyota zote ambazo jicho la mwanadamu huweza kuzitenga moja moja usiku ni za jirani. Kilimia, kishada cha nyota ambacho wakulima wa Afrika Mashariki wamekitazamia tangu zamani ili kujua majira ya kulima, kiko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi. Na kwa kuwa mwaka wa nuru ni umbali unaokwendwa na nuru kwa mwaka mmoja, yaani kilomita trilioni 9.5 kwa makadirio, nuru ya Kilimia inayofika leo iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593. Darubini husogeza mpaka huo mbele, lakini haiuondoi. Mwaka 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mount Wilson huko California, alitambua nyota moja yenye mwanga unaopanda na kushuka ndani ya Andromeda, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, na ugunduzi huo ukatosha kubadili picha nzima ya ulimwengu. Galaksi zilizo mbali kuliko hiyo mara elfu na zaidi ni habari nyingine: nyota zake bilioni nyingi huchanganyika zikawa doa moja la mwanga, na hakuna kioo kilichowahi kutengenezwa ambacho kwa nguvu zake peke yake kinaweza kulichambua doa hilo. Kwa hiyo wanafalaki walipotangaza mwaka 2018 kwamba wameona nyota moja ambayo nuru yake imesafiri miaka bilioni 9, kisha mwaka 2022 wakatangaza nyingine ambayo nuru yake imesafiri miaka bilioni 12.9, sifa haikuwa ya darubini tu. Ilikuwa pia, na pengine kwanza, ya mafundi wa hesabu wanaojua kuisoma nuru iliyopinda.

Msingi wa ufundi huo ni nadharia ya Albert Einstein ya mwaka 1915, inayoeleza kwamba kitu chochote chenye tungamo, yaani wingi wa maada, hulikunja anga linalokizunguka, na nuru inayopita karibu nacho hufuata mkunjo huo. Kupatwa kwa jua kwa Mei 1919 kulitoa ushahidi wa kwanza, pale mwanafalaki Arthur Eddington alipopiga picha za nyota zilizoonekana kando ya Jua lililofunikwa, katika kisiwa cha Príncipe, kwenye Ghuba ya Guinea, na wenzake wakapiga zao Sobral nchini Brazil. Mwaka 1936 Einstein, kwa kuhimizwa na mhandisi Rudi Mandl, alichapisha maelezo mafupi kuhusu nyota inayoweza kuwa lenzi kwa nyota nyingine iliyo nyuma yake, akahukumu kwamba hapakuwa na matumaini makubwa ya kuliona jambo hilo likitokea. Mwanafalaki Fritz Zwicky, mwaka uliofuata, aliona mbali zaidi ya Einstein katika hili: alisema lenzi za kutafutwa ni galaksi nzima na makundi ya galaksi, ambayo tungamo lake ni kubwa kiasi cha kuipinda nuru kwa namna inayoweza kupimwa. Lenzi ya kwanza ya aina hiyo ilithibitishwa mwaka 1979, baada ya Zwicky kufariki.

Lenzi ya mvutano, kama inavyoitwa, haikuchongwa na mtu, na ukuzaji wake si sawa kila mahali. Anayetazama chini ya maji maangavu ya pwani wakati wa jua la saa sita huona juu ya mchanga nyuzi za mwanga mkali zinazochezacheza, kwa sababu mawimbi yameikusanya miale ya jua katika mistari myembamba na kuacha sehemu nyingine hafifu; kundi la galaksi huifanyia nuru jambo lile lile, na mistari hiyo, ambamo ukuzaji hupanda kupita kiasi, huitwa kaustiki. Galaksi ni pana mno kuweza kukaa yote juu ya mstari mwembamba namna hiyo, hivyo kwa kawaida hukuzwa mara chache au mara makumi. Nyota ni nukta tu. Ikitokea kwamba nyota moja imekaa karibu kabisa na kaustiki, inaweza kukuzwa mara maelfu huku majirani zake wote wakibaki katika ukungu wao, na hapo, kwa muda, nyota hiyo peke yake hujitenga na galaksi yake. Mwanafalaki Jordi Miralda-Escudé alieleza uwezekano huo kwa hesabu mwaka 1991, na robo karne ikapita kabla anga halijamjibu.

Jibu lilikuja kwa njia ya mzunguko. Mnamo Novemba 2014 mwanafalaki Patrick Kelly aliona katika picha za darubini ya anga ya Hubble nukta nne za mwanga zikiwa zimeizunguka galaksi mojawapo ya kundi liitwalo MACS J1149, lililo katika kundinyota la Simba, ambalo katika buruji za Waswahili huitwa Asadi. Nukta hizo zote zilikuwa supanova moja, yaani mlipuko wa nyota inayokufa, ambayo nuru yake ilikuwa imefika kwa njia nne tofauti. Supanova hiyo ilipewa jina la Sjur Refsdal, mwanafizikia wa Norway aliyekuwa ameandika mwaka 1964 kwamba kuchelewa kwa nuru katika njia moja kuliko nyingine kungeweza kutumika kupima kasi ya kupanuka kwa ulimwengu. Mafundi wa hesabu walikwenda hatua moja mbele: timu kadhaa zilichora ramani ya tungamo la kundi hilo, zikaona kwamba njia moja ndefu zaidi bado haijaleta nuru yake, zikachapisha mapema mahali na wakati ambapo supanova hiyo hiyo ingeonekana tena. Ikaonekana Desemba 2015, pale pale iliposubiriwa. Si mara nyingi elimu ya nyota za mbali hupewa nafasi ya kutabiri jambo na kulishuhudia ndani ya mwaka mmoja, na mtu anayetaka kujua kama hesabu za lenzi za mvutano ni za kuaminika hahitaji kutafuta mfano mwingine.

Katika kuifuatilia supanova hiyo ndipo Kelly na wenzake walipogundua nukta nyingine, ndani ya galaksi ile ile ya nyuma ya kundi ambamo supanova ililipuka, nayo ikizidi kung'aa mwaka 2016. Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba ni mlipuko mwingine, lakini nukta hiyo haikubadilika rangi, na mlipuko hubadilika rangi kadiri gesi yake inavyopoa. Kilichoongezeka kilikuwa ukuzaji, wala si joto. Ilikuwa nyota kubwa sana ya rangi ya buluu, na mnamo Mei 2016 nyota moja ya kundi la mbele ilipita mbele yake na kuukuza mwanga wake zaidi ya mara 2,000. Waliipa jina la Icarus, na ndiyo nyota iliyotangazwa mwaka 2018. Kutokana na namna ilivyong'aa na kufifia, watafiti waliweza hata kupinga dhana kwamba sehemu kubwa ya maada ya giza, ile maada isiyotoa nuru na inayojulikana kwa mvutano wake tu, imeundwa na mashimo meusi mengi yaliyosalia tangu mwanzo wa ulimwengu.

Rekodi ya Icarus ilidumu miaka 4. Mnamo Machi 2022 mwanafalaki Brian Welch na wenzake walitangaza katika jarida la Nature nyota waliyoipa jina la Earendel, iliyoonekana nyuma ya kundi la galaksi WHL0137-08. Namba za jina hilo hutaja mahali pake mbinguni, katika kundinyota la Ketusi, nyuzi 8 na kitu kusini mwa ikweta ya anga. Ndiyo kusema kwamba katikati ya Oktoba, karibu na usiku wa manane, sehemu hiyo ya anga hupita juu kabisa ya vichwa vya watu wa Rufiji na Kilwa. Nuru hiyo iliondoka pale ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka milioni 900 hivi, na kwa kuwa anga limeendelea kupanuka njiani, kila wimbi lake limerefushwa mara 7 na ushei: iliyoondoka ikiwa mionzi ya urujuanimno, ambayo mawimbi yake ni mafupi kuliko ya nuru inayoonekana, imefika ikiwa nyekundu au infraredi, ambayo mawimbi yake ni marefu kuliko ya nuru nyekundu.

Picha yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Galaksi ya nyuma imevutwa ikawa uzi mwekundu uliopinda, wenye urefu wa sekunde 15 za tao, na sekunde moja ya tao ni sehemu 1 ya 3,600 ya nyuzi moja ya duara. Juu ya uzi huo yapo madoa madogo ya nyota changa, na doa la upande mmoja lina pacha wake upande wa pili, kwa sababu lenzi imezaa taswira mbili za kitu kile kile. Mahali ambapo pacha hao wangekutana ndipo ulipo mstari wa ukuzaji mkubwa, na papo hapo, bila pacha wa kuonekana, imekaa nukta moja. Hiyo ndiyo Earendel. Welch na wenzake hawakuridhika na ulinganifu huo. Walitumia programu nne tofauti za kuchora lenzi, kila moja ikiwa na dhana zake kuhusu mtawanyiko wa tungamo, na zote zikauweka mstari huo ndani ya sehemu 1 ya 10 ya sekunde ya tao kutoka kwenye nukta. Walilinganisha pia picha za miaka tofauti, wakaona mwanga haujabadilika sana. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021 kutoka Kourou, Amerika Kusini, na yenye kioo cha mita 6.5, ilipoitazama baadaye, ukuzaji ulikadiriwa kuwa angalau mara 4,000, na nyota yenyewe kuwa na joto la zaidi ya mara mbili ya Jua na mng'ao wa takriban mara milioni 1 ya Jua.

Hata hivyo, mwaka 2025 watafiti waliochambua spektra ya Earendel, yaani nuru yake ikiwa imetandazwa rangi kwa rangi, walionyesha kwamba inaweza kuelezwa pia na kishada cha nyota nyingi zilizozaliwa pamoja. Udogo wa Earendel haukupimwa kwa rula. Ulikokotolewa kutokana na ukuzaji, na ikiwa ukuzaji ni mdogo kuliko ilivyodhaniwa, basi kilichomo ndani ya nukta ile ni kipana zaidi na huenda si nyota moja. Shaka hiyo haiwavunjii heshima waliotangulia. Imetoka katika ufundi ule ule, na fundi asiyeruhusu kazi yake ipimwe upya hajahitimu.

Mwaka huo huo wa 2025, mwezi Januari, yalitangazwa matokeo ya kulinganisha picha mbili za Webb zilizopigwa kwa kupishana mwaka mmoja, ambapo nyota 44 zilionekana katika galaksi moja nyuma ya kundi la Abell 370, nuru yake ikiwa imesafiri karibu miaka bilioni 6.5. Nyingi kati yake ni majitu makuu mekundu, jamii moja na nyota iitwayo Ibuti la Jauza. Kutoka nyota moja mwaka 2018 hadi 44 kwa mkupuo si haba, na zitakazopatikana baadaye zitahitaji watu wa kuzikokotoa. Picha za Hubble na za Webb huhifadhiwa katika ghala la umma ambalo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kulifungua bila malipo, na baadhi ya programu za kuchora lenzi hutolewa bure vilevile. Walimu wa fizikia na hisabati katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wawape wanafunzi wao kazi hii, kwa kuwa zana zake zimeshawafikia.