Mboga Gani?

Wiki ya pili tangu niache nyama na samaki nilikwenda kumsalimia shangazi yangu Igoma. Nilimpigia simu mapema asije akasumbuka: "Shikamoo shangazi. Siku hizi nakula mboga tu." Akacheka, akasema hilo nalo ni jambo la kupigiwa simu? Nilipofika nikakuta mboga mezani: sato mzima wa kukaanga, mkia umevuka ukingo wa sahani, ndimu imekatwa pembeni. "Si umesema mboga," akaniambia. "Haya, mboga hiyo."

Hakukosea. Kwa Kiswahili cha nyumbani mboga ni chochote kinachoteremsha ugali. Samaki ni mboga, nyama ni mboga, maharage ni mboga. Majani nayo tunayakubali, ila tunayaongezea jina, mboga za majani, kama ndugu wa mbali anayehitaji kutambulishwa. Nikajirekebisha: sili nyama. Haikusaidia, maana samaki si nyama, na kwa baadhi ya wazee wangu hata kuku si nyama. Siku ile nilikula ugali kwa kachumbari, shangazi akinitazama kama anayemtazama mfiwa.

Aliyenifikisha hapo ni dole gumba la mguu wa kulia. Liliniamsha usiku limevimba na kuwaka, shuka likiligusa tu naona nyota. Daktari akasema ni gauti, ugonjwa ambao vijiweni tunautania kuwa ni wa wenye fedha za nyama choma. Akanitajia vya kupunguza: nyama nyekundu, maini, utumbo, dagaa, bia. Alisema punguza. Mimi kupunguza sijui. Nikaacha vyote, na samaki wote juu yake, nikabaki na mayai na maziwa. Kuacha maziwa katika ukoo wa Kisukuma ningeitiwa kikao.

Ukiwa Dodoma unaweza kuacha samaki na usijue kwamba umeacha kitu. Huku kwetu Mwanza samaki anakufuata. Ukikaribia Kirumba, soko la Mwaloni linakufikia puani kabla ya machoni; magunia ya dagaa yanapakiwa kwenda Congo, Rwanda na Burundi, na unga wake unakaa hewani kama vumbi. Nikagundua kuwa hamu yangu inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Basi siku za mbalamwezi nilikuwa mtakatifu. Giza likirudi, na kila kona ya mtaa ikinukia dagaa wabichi wanaorushwa kwenye mafuta, nilikuwa natembea haraka kama ninayedaiwa.

Miezi miwili ya mwanzo nilikula vibaya kuliko wakati wowote wa maisha yangu, na nimesoma bweni. Mchicha niliuchemsha ukawa kamba. Maharage ya mama ntilie wangu nilikuja kujua yalipikiwa supu ya mifupa, kumbe ndiyo maana nilikuwa nayapenda. Asubuhi chapati, jioni chipsi mayai. Suruali ikaanza kunikataa. Ndipo nilipoelewa kwamba samaki na nyama humsitiri mpishi mvivu. Sato akiwa mbichi kweli, mtie chumvi na ndimu, mafuta yawe moto, basi amejipika mwenyewe na sifa unachukua wewe. Jani halisitiri mtu. Linataka ulijue limechumwa lini, linaiva kwa kiasi gani, linaelewana na nani ndani ya sufuria. Nia nilikuwa nayo tele. Ufundi sikuwa nao hata chembe.

Mjini wapo wanaoujua. Maeneo ya Makoroboi kuna hekalu la Wahindu, na zipo familia ambazo vizazi na vizazi nyama haijaingia jikoni mwao. Mwenye duka mmoja ninayenunua kwake dengu alinisikiliza nikijieleza, kisha akaniuliza kwa nini naongea kama mfungwa. "Wewe umeacha," akasema. "Sisi hatukuacha. Hatukuanza." Majirani zangu Wasabato nao walinipokea kwa furaha iliyopita kiasi. Wao kambare hawamgusi kwa kuwa hana magamba, na wengine wamekwenda mbali zaidi wakaacha nyama moja kwa moja. Nilipata vijitabu vitatu kwa wiki moja. Lakini upishi wenyewe niliupata Kisesa.

Kisesa ni mwendo mfupi wa daladala kwa barabara ya Musoma, pale yalipo makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Mama mzazi wa rafiki yangu anaishi huko, nami namwita Mayu kama wanawe wanavyomwita. Nilimkuta shambani asubuhi, umande ukiwa ndio kwanza umekauka. "Mwangaluka, Mayu." Aliitika bila kuinua kichwa. Alikuwa anachuma majani ya kunde, na macho yake yalikuwa kwenye vidole.

Nilidhani kuchuma ni kuchuma. Nikajaza mkono, nikapeleka kwenye ndoo, akayatoa karibu yote. Akachukua jani moja, akavunja kikonyo chake karibu na sikio langu. Kikalia, tap. "Hili." Akavunja la kwangu, likapinda, likaacha uzi. "Hili waachie ng'ombe." Anachuma majani machanga ya juu, mmea ukiwa bado haujatoa maua, na hachumi yote, kwa sababu mti uleule anautegemea uchipue tena na baadaye umpe kunde zenyewe. Na hachumi kabla umande haujakauka. Jani bichi lenye maji likirundikwa ndooni huungua kwa joto lake lenyewe. Ingiza mkono katikati ya ndoo utalisikia.

Nje ya nyumba maji yalikuwa yanachemka kwenye mafiga. Majani yakaingia, yakageuzwa mara mbili tatu, yakatoka. Nikauliza ni dakika ngapi, maana nilikuwa na daftari. Akanitazama kwa huruma. "Harufu ya ubichi ikiondoka, toa." Nilinusa nikasikia moshi tu. Kwenye sufuria ya tatu ndipo nikaipata: ile harufu kali ya nyasi iliyokatwa inayeyuka ghafla, na mahali pake inakuja kitu kitamu kidogo, kama mahindi ya kuchemsha. Ukichelewa kutoka hapo, jani linalegea na rangi inakufa. Ukiwahi, litakauka vizuri, lakini miezi mitatu baadaye litanuka kama godoro.

Kisha tukapanda kwenye jiwe. Wageni huja Mwanza kupiga picha mawe yetu, hasa lile la Bismarck lililosimama majini, na wenye viwanja Mabatini na Bugarika hulaani kila nyundo inayodunda juu yake. Kwa Mayu jiwe ni chombo cha jikoni. Juu kabisa, penye jua kali, alikuwa ameanika michembe, yaani viazi vitamu vilivyomenywa na kukatwa vikiwa vibichi. Pembeni yake matobolwa, ambayo ni viazi vilevile ila vimechemshwa kwanza. Majani hakuyaweka huko. Aliyashusha upande wa magharibi kabla jua halijafika, akatandaza mkeka. Mchana jua lilipotaka kuyafikia, akayahamishia upande wa mashariki, ambako jua lilikuwa limeshapita na jiwe bado la moto. Kutwa nzima majani yalizunguka jiwe yakilikimbia jua. Wataalamu wa lishe wanasema jua la moja kwa moja hupunguza vitamini A ya majani, na wanashauri kivuli chenye hewa. Mayu sababu yake ni nyingine: jani la juani lina ladha ya makuti.

Siku tatu, na ndoo nzima ikawa konzi mbili. Hiyo ndiyo nsansa.

Ya kupika ile siku aliitoa ndani, ya msimu uliopita, kwenye chungu kilichofunikwa. Alipoifungua niliona majani meusi yaliyojikunja kama chai. Akailoweka, akaibandika. Akayeyusha kijiwe cha magadi kwenye bakuli la maji, akasubiri yatulie, akamimina ya juu tu, kidogo sana. Magadi hulainisha jani. Yakizidi, mboga inakuwa sabuni, na vitamini nyingine zinakwenda na povu.

Halafu karanga. Hakuzikaanga. Alizitwanga mbichi, akachekecha, akakoroga kwa maji ya baridi zikawa uji mweupe, akaumimina polepole sufuriani. Nikanyoosha mkono nichukue mfuniko. Akanipiga mkono. Karanga mbichi hazifunikwi. Hukaa kimya, kimya, kisha hupanda kwa mara moja na kuzima moto. Alikaa hapo kwenye kigoda akikoroga, hazungumzi na mtu, hata simu ilipoita. Mwanzoni sufuria ilikuwa na mlio mzito, bwata, bwata, kama mtu anayetembea kwenye jaruba la mpunga. Baada ya muda mlio ukawa mwembamba, na juu ya uji vikatokea vijicho vya mafuta, kimoja, kisha vingi, vya dhahabu. "Sasa zimeiva." Nyanya mbili, chumvi mwishoni. Hakuna kingine.

Ladha yake siwezi kuifananisha na nyama, na sipendi wanaofanya hivyo. Kuna uchungu kwa mbali, kama wa chai iliyokolea, kisha karanga inakuja na kuufunika, na ugali wa udaga wa mihogo, kwa ule ukali wake mdogo, unakata mafuta. Nikakumbuka katikati ya tonge kwamba mahindi, mihogo, viazi vitamu, nyanya na karanga zote asili yake ni Amerika. Katika sinia lile mwenyeji wa Afrika alikuwa kunde peke yake, na ndiye niliyekuwa simjui.

Nilimsifu Mayu mpaka akakereka. Alidhani namdhihaki. "Nsansa ni mboga ya shida," akasema. "Ya kiangazi, siku ambayo huna kitu. Mgeni hapewi." Kumbe jogoo alikuwa ameshafungwa kamba mguuni kwa ajili yangu tangu asubuhi, na mimi ndiye niliyeharibu.

Neno hilo, mboga ya shida, limenikaa. Mwanamke anayejua kusoma kikonyo kwa sikio, sufuria kwa pua na jua kwa kulizunguka jiwe, anaona haya kuonyesha kazi yake, kwa kuwa kazi hiyo ilizaliwa na njaa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza kuandika riwaya ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, ikaja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, hakuona haya kueleza kwa kirefu kazi za nyumbani na shambani za watu wake. Sisi tuliokuja baadaye tuna vitabu vya mapishi vinavyoanza na pilau.

Lakini namwelewa Mayu. Katika mji huu, kula bila samaki kwa watu wengi si uamuzi. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, aliwamaliza furu wengi, kisha vikaja viwanda. Minofu ikaenda Ulaya na wenyeji wengi wakabaki na mapanki, ile mifupa yenye kichwa. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, ililionyesha hilo duniani na kuzua ugomvi mkubwa nchini. Mimi nilikuwa na hasira nayo kama wengine, na mapanki nilikuwa nayala. Siwezi kumhubiria kuacha samaki mtu ambaye samaki mwenyewe ameshamwacha.

Nimefikisha mwaka na miezi. Dole limetulia. Sisemi ni nsansa, maana bia nayo niliacha, na daktari ananikumbusha kuwa vitamini B12 haimo kwenye majani, hivyo maziwa yangu ya mgando nisiyachezee. Sikukuu moja nilikula sato kwa shangazi, nikarudi zangu kwenye majani.

Upishi wangu bado ni wa mwanafunzi. Nsansa ya kwanza niliyopika kwangu Nyegezi ilikuwa sabuni. Ya pili karanga zilipanda zikazima jiko wakati nasoma ujumbe kwenye simu. Ya tatu nilimpelekea Mayu kwenye hotipoti. Akaonja, akanyamaza, akamega tonge jingine, akauliza magadi nimenunua wapi.

Masika haya nimepanda kunde zangu kando ya uzio, na nyuma ya nyumba nina jiwe. Mavuno ya kwanza yaliliwa yote na mbuzi wa jirani, ambaye hajawahi kula nyama maisha yake yote na hatangazi. Kwa hiyo sasa naanika Jumamosi, nikiwa nyumbani, nimekaa juu ya jiwe na fimbo, nausogeza mkeka kadiri jua linavyosogea. Juzi mzee mmoja wa mtaani alipita akasimama kwenye uzio.

"Mwalimu, unachunga nini huko juu?"

"Mboga, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Akajiinua kwa vidole vya miguu, akachungulia. "Mboga gani? Furu au dagaa?"