Subaru Iliyotuniwa: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Kuanzia Karatina hadi Nanyuki, Subaru yenye tabo haikosi mteja. Mapenzi hayo yana historia: mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally kwa Impreza, na mwaka 1997 Colin McRae akashinda mbio hizo kwa gari la jina hilo hilo. Siku hizi nyingi huuzwa zikiwa zimeshatuniwa, na muuzaji hutanguliza nguvu za farasi. Achana nazo kwanza. Kazi ya fundi hupimwa kwa petroli mbaya kuliko zote utakazokutana nazo, gari likiwa limejaa watu, mkipanda kutoka Sagana kwenda Karatina.

Fungua kifuniko cha tangi. Forester au Impreza ya tabo iliyotoka Japani huwa na kibandiko kinachodai petroli ya premiamu. Kule kiwango cha chini cha premiamu ni oktani 96, na pampu nyingi huuza ya karibu 100. Super yetu ya kawaida ni 93. Maafa mengi yanaanzia kwenye pengo hilo. Petroli ya oktani ndogo ikibanwa na kupashwa joto kupita kiasi hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo ndipo fundi husema injini inanoki. Ule ukingo mwembamba wa pistoni, kati ya ringi na ringi, hupasuka. Silinda moja hupoteza kompresheni, moshi wa oili unaanza, na mwenye gari anaambiwa injini imezeeka.

Mlima nao una madai yake. Nyeri iko takriban mita 1,750 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Mombasa. Tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili itoe nguvu ile ile, na hewa inayotoka humo huwa na joto zaidi. Kuna hatari nyingine iliyojificha: geji nyingi husoma presha iliyozidi ile ya hewa ya mahali ulipo. Gari lililowekwa bar 1.2 kwa vali ya mkono hapa Nyeri, likifika Mombasa litasoma karibu 1.2 ile ile, ilhali injini inapokea takriban bar 0.2 zaidi, tena katika joto la pwani. Muulize fundi amelitengea gari nafasi gani kwa safari hiyo. Asipolielewa swali, mshukuru uondoke.

Akilielewa, omba rekodi za kompyuta ya injini, zilizochukuliwa gari likikanyagwa kwa gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,500. Presha ikiwa juu, uwiano wa hewa kwa petroli uwe kati ya 11 na 11.5 kwa 1. Ukiona 12.5, injini ina njaa: pampu au injekta hazitoshi. Subaru nyingi za miaka ya 2000 hujiwekea pia alama ya imani kwa petroli. Ikiwa 1 injini imeridhika, ikishuka imesikia nokingi. Betri ikichomolewa alama hiyo huanza upya, kwa hiyo dai rekodi ya gari lililotembea siku kadhaa.

Kisha zitolewe plagi, na hapa usikubali kuharakishwa. Shika tochi na lenzi, utazame kauri nyeupe ya ncha. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Ukiona vitone kama pilipili manga iliyosagwa, vingine viking'aa, hiyo ni alumini ya pistoni, na mazungumzo ya bei yaishie hapo. Wekundu wa kutu mara nyingi huachwa na dawa za kuongeza oktani zenye manganizi. Si dhambi, ila muulize mwenyewe alikuwa akitibu nini.

Petroli nayo ichunguzwe. Kuchanganya mafuta taa kulizoeleka kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliyatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuua faida hiyo. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila kuacha alama, yenye mafuta taa huacha doa la grisi. Ukiambiwa gari limetuniwa kwa ethanoli, uliza litajazwa wapi. Ramani ya ethanoli, yaani mipangilio ya kompyuta ya injini, humwaga mafuta mengi zaidi na kuwasha moto mapema zaidi. Ukitia super bila kubadilisha ramani, unavunja injini.

Mimi hulipa zaidi kwa gari lenye nguvu chache na rekodi kamili. Muuzaji akikataa kutoa plagi au kuunganisha kompyuta, usinunue, hata akupunguzie bei nusu.