Hodi ya Mdodosaji

Chumba kilikuwa na viti viwili na beseni. Dada mmoja alijifanya mhojiwa, akawa anachambua mchele usiokuwepo. Mwenzake, mdodosaji, alikaa ubavuni kwake na dodoso mapajani. Walikuwa wamefika kwenye swali zito kuhusu mume, mara mlango ukasukumwa na mtu wa tatu akaingia kwa sauti ya mama mkwe.

"Haya, mnaulizana nini huku?"

"Shikamoo mama. Nilikuwa namuuliza dada hapa, mtoto alianza uji akiwa na miezi mingapi?"

"Marahaba mwanangu. Uji siku hizi wanawaanzishia mapema mno."

Mkono wa mdodosaji ulikuwa umeshafunua dodoso la pili, la maswali mepesi ya uzazi na maji, ambalo hubebwa chini ya lile la kwanza kwa ajili ya mgeni wa namna hiyo. Mama mkwe akamaliza hoja zake za uji, akaondoka. Karatasi ikarudi mahali pake. "Tuendelee, dada?"

Msimamizi aliagiza warudie. Kabla ya kugeuza karatasi, mdodosaji alikuwa ametupia jicho mlangoni, na hilo peke yake lingetosha kumtia mama mkwe mashaka. Walirudia mara sita, na mara ya sita hata mimi niliyejua kinachoendelea sikuuona mkono ukisogea.

Nimewapenda wadodosaji hawa wa saikolojia ya jamii tangu siku ile. Ukitaja maabara ya saikolojia ya jamii, msomi atakukumbusha chumba cha mwanasaikolojia Stanley Milgram pale Yale, Marekani, mwaka 1961, chenye mashine ya swichi 30. Maabara ya chuo kikuu hapa Dar es Salaam ina meza chache, kompyuta, na kabati la kufungwa kwa ufunguo. Kazi yenyewe inafanyika Mbagala, Tandika, Manzese na Tandale, kwenye nyumba za Kiswahili ambazo kila chumba kina familia yake na ukumbi ni njia ya wote. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni. Katika msongamano huo mdodosaji anatakiwa apate faragha ya saa nzima na mtu mmoja. Mara nyingine wanaishia nyuma ya choo, mara nyingine chini ya mwembe wa jirani, na mara nyingine hupangiana siku nyingine baba akiwa kazini.

Na hamchagui amtakaye. Kibali kimeshatoka, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ameshaona barua, mjumbe ameshamwonyesha nyumba, kisha kura inaamua ni mwanamke yupi ndani ya nyumba ile. Kura ikimwangukia mama anayeuza samaki sokoni Feri na kurudi usiku, ndiye huyo huyo atakayefuatwa tena kesho na keshokutwa, hata kama shoga yake amekaa barazani na ana hamu ya kuzungumza. Uaminifu huo hauonekani na mtu yeyote. Ukikosekana, hesabu zote za chuoni zinakuwa za watu wenye nafasi tu.

Kazi kubwa kuliko zote ninazozijua za aina hii ilifanyika hapa na Mbeya mwaka 2001 na 2002, ikiwa sehemu ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya wanawake na ukatili majumbani. Huku kwetu iliongozwa na Dkt. Jessie Mbwambo wa Muhimbili. Wadodosaji wote walikuwa wanawake, na mtaani utafiti ulitajwa kuwa wa afya ya wanawake na maisha yao, ili mume asikie jina lisilomletea mkewe balaa. Kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu. Matokeo yalionyesha kwamba Dar es Salaam, asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi walikuwa wamepigwa au kulazimishwa tendo la ndoa naye. Mbeya ilikuwa asilimia 56.

Siri ya namba hizo imo kwenye namna ya kuuliza. Ukimuuliza mama wa Temeke kama amefanyiwa ukatili, anaweza kukujibu "aa, maisha ya kawaida tu", na hasemi uongo. Dodoso lile liliuliza vitendo: amewahi kukupiga kofi? Kukusukuma? Kukupiga ngumi? Kukukaba? Hapo jibu linabadilika. Mwisho wa mahojiano palikuwa na jambo ambalo kwangu ni ufundi mtupu. Mhojiwa alipewa kadi yenye sura mbili, moja inacheka na nyingine inalia, atie alama mwenyewe kujibu kama aliguswa vibaya utotoni, kisha aifunge kwenye bahasha bila mdodosaji kuona. Karibu kila nchi ilikotumika, kadi ilisema mengi kuliko mdomo. Wanawake wengi walimwambia mdodosaji mambo ambayo hawakuwahi kumwambia mtu mwingine.

Kabla ya kufika uani kwa mtu kuna kazi ya kutafsiri maneno ya dodoso, na hiyo huchukua majuma. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett aliyapitia majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, akaonyesha kwamba asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Basi maswali mengi hutufikia yakiwa yameshonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Orodha ya Hopkins, yenye maswali 25 ya wasiwasi na sonona, ina swali ambalo kwa Kiingereza chake linamuuliza mtu kama anajisikia rangi ya bluu, yaani huzuni. Nani Mbagala atalijibu? Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili waliipima orodha hiyo kwa wajawazito wa Dar es Salaam, kisha mwaka 2008 wakachapisha kipimo cha hapa hapa chenye maswali 19. Mtu wa kwetu akizidiwa husema ana mawazo, anawaza sana, moyo mzito. Ukiliuliza hivyo, anajua unamuuliza yeye.

Wanaume hufuatwa vijiweni. Mradi wa Vijana Vijiweni ulifanya kazi na vikundi vya vijana wa jiji hili, vyenye viongozi na wanachama wanaojulikana, ukiwapa vijana wa baadhi ya vikundi mikopo midogo na kuwafundisha baadhi yao kuwa viongozi wa afya kwa wenzao. Matokeo ya 2020 hayakuonyesha kwamba ukatili kwa wenzi wao ulipungua kwa kiasi cha kuhesabika. Watafiti waliyachapisha hivyo hivyo. Nawaheshimu kwa hilo kuliko ambavyo ningewaheshimu kwa ushindi.

Jioni kuna kunukuu. Saa moja ya kinasa sauti inakula saa tano au sita za mtu mwenye spika masikioni. Anaandika kicheko kwenye mabano, anaandika kimya, na anarudia mara tatu sehemu ambayo mama alisema "mh", kwa sababu kuna mh ya ndiyo, mh ya hapana, na mh ya niache. Siku ya mazoezi nilimsikia msimamizi akimkataza binti kusema "kweli?" mhojiwa anaposimulia. Alimfundisha "ehe" ya sauti iliyoshuka, halafu anyamaze.

Wanalipwa kwa siku, majina yao hupita kwa mstari mmoja wa shukrani mwishoni mwa makala, na mradi ukiisha wanasubiri mwingine. Naona ni makosa, na vyuo vyetu vinaweza kuyarekebisha.

Akibisha hodi kwako akiwa na kitambulisho na barua ya mtaa, mtafutie kigoda kivulini, watume watoto dukani, na umjibu ukweli. Usipotaka kujibu, mwambie hutaki. Ameshafundishwa kukushukuru na kuondoka.