Jina la Msomaji Si Mali ya Mhariri

Kila kijana mwenye hadithi tatu mkobani anataka kuanzisha jarida lake. Vizuri sana! Wakubwa wetu wametangulia: Ben Mtobwa alikuwa na Heko, Elieshi Lema na Demere Kitunga wakaunda E & D, na mwaka 1991 Walter Bgoya akaanzisha Mkuki na Nyota. Hawakusubiri kufunguliwa mlango. Lakini katika majarida madogo ninayoyasoma kuna jambo linanikera, nalo ni jinsi tunavyowatendea wasomaji wetu.

Hebu tazama ukurasa wa barua. Jina kamili, umri, shule, sanduku la posta, na siku hizi hata namba ya simu. Desturi hii tumeirithi kwenye kurasa za marafiki wa kalamu. Kule aliyeandika alitaka mwenyewe ajulikane. Je, anayeleta shairi kuhusu kipigo cha nyumbani naye ameomba hivyo?

Nilipokuwa kidato cha tatu nilipeleka kisa kwenye jarida moja, nikaomba jina langu lisitoke. Kweli halikutoka. Chini wakaandika: "Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Hanga, Songea." Ati wamenificha! Jamani, Hanga si Kariakoo. Pale kila mtu anajua ni mtoto wa nani anayeshinda na madaftari, na kisa kilikuwa cha mjomba anayeuza mahindi ya ghalani ili apate hela ya pombe. Nakala ilikuja kwa sanduku la posta la shule, ikapita mikono mingi kabla ya yangu. Mjomba akasomewa. Hakunisemesha mpaka mavuno yaliyofuata.

Kosa la yule mhariri ni la usomaji. Alikisoma kisa, hakusoma mahali kinapotoka. Mjini ukifuta jina, mtu anapotelea kwenye umati. Kijijini, jina la kijiji, kidato na mjomba mlevi vikiwekwa pamoja ni sawa na picha yake.

Wapo watakaosema sisi ni wadogo mno, sheria ni za makampuni. Sivyo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na daftari lako la wanunuzi limejaa taarifa hizo. Zikusanywe kwa kazi inayojulikana, asipewe mwingine bila ridhaa ya mwenyewe. Mbona basi tunawaingiza wanunuzi wote kwenye kundi moja la WhatsApp, kila mtu akiona namba ya mwenzake? Binti aliyelipia nakala moja tu, usiku anapata "mambo mrembo" kutoka kwa asiyemjua. Huyo hanunui tena, na hadithi yake hutaiona kamwe.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kutafuta hela ya karatasi, tafuta sanduku lenye kufuli la kuwekea daftari hilo. Na kabla ya kuchapa, muulize mwandishi: huko kwenu, ni neno gani humu litakalokutaja?

Mimi kile kisa cha mjomba sijakigusa tena. Na kilikuwa kizuri.