Lumumba wa kitabu na Lumumba wa hotuba

Wandugu, kila mwaka mwezi wa sita ukikaribia tunasikiaka hotuba ya Lumumba kwenye radio na kwenye simu, mpaka imekuwa sawa na wimbo. Tunapiga makofi, basi. Ni wachache wanaojua kwamba mtu yule yule aliandika kitabu kizima miaka mitatu minne mbele ya hotuba, na kitabu kile hakifanani nayo ata kidogo. Mimi ninaona siye wenye diploma tungevisoma vyote viwili, kimoja kando ya kingine, sababu memwari zetu zinafanana na kitabu.

Kinaitwa Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé? Alikiandika mu 1956 na 1957. Alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, Kisangani ya leo, na wakati ule alipitia pia gereza. Kilitoka Bruxelles mu 1961, yeye amekwisha kuuawa. Ndani yake anasifu kazi ya Wabeljiji, anaomba ushirika kati ya Ubelgiji na Congo, anaomba weusi waliosoma wapewe heshima. Si kitabu kibaya. Akiongea juu ya mishahara ya wafanyakazi weusi, unaona mtu anayejua kitu anachosema. Lakini kila mara akikaribia kuuma, anarudi nyuma. Anaweka shukrani, analalamika kidogo, kisha anaweka shukrani ingine. Ni sentensi za mtu aliyesimama mlangoni akingoja aambiwe: ingia.

Tusimcheke. Nani alikuwa na ruhusa ya kuchapisha? Mubeljiji. Nani angesoma? Mubeljiji. Aliandika kwa yule aliyeshika ufunguo.

Sasa tuende kwa hotuba. Alhamisi, tarehe 30 Juni 1960, Palais de la Nation, Léopoldville. Mfalme Baudouin ameongea, amesifu kazi ya Léopold II. Kasa-Vubu ameongea. Lumumba hayuko kwenye programu, lakini anasimama. Na hapa musome vizuri mwanzo wake: haanzi na mfalme. Anaanza kwa kuwaita wanaume na wanawake wa Congo. Chumba kimejaa wakubwa wa Ubelgiji, yeye anaongea na watu walio nje, wanaosikiliza radio.

Kwangu mimi mabadiliko yote yanatoka hapo. Si kwamba Kifaransa chake kiliongezeka. Aligeuza uso, na akishageuza uso vitu vikapata majina. Hasemi tu kwamba ukoloni ulikuwa mubaya. Anataja mshahara usiotosha kula, wala kuvaa, wala kulea watoto. Anataja mweusi aliyesafiri chini kabisa mu mashua, mzungu akiwa juu yake mu kabini nzuri. Tena anataja kitu kidogo sana: mweusi aliitwa « tu », si kwa urafiki, lakini sababu « vous » ilikuwa ya wazungu peke yao. Neno la herufi mbili! Kila mtu aliyeitwa vile alijua haya yake, lakini nani angefikiri ni kitu cha kusema mbele ya mfalme? Ni pale hotuba inakuwa kubwa.

Sehemu ya mwisho, ile ya ahadi, inalegea. Waziri mkuu yeyote angeweza kuisoma. Na siku ile ile, wakati wa chakula, alitoa maneno mengine ya kulainisha Wabeljiji. Hayo nani anayakumbuka?

Memwari zetu sasa. Nilisoma agronomia, kwa hiyo ninasema kile ninachojua. Hapa Kivu tuko na mnyauko wa migomba. Kwa miaka mingi mafundisho yalikuwa haya: mgomba mmoja ukigonjwa, ng'oa kichaka kizima pamoja na watoto wake. Memwari ambazo zimepita mikononi mwangu zinarudilia neno moja: wakulima wanapinga mbinu, hawajahamasishwa. Lakini ukifungua kurasa za majibu, unakuta akina mama wakisema wanakata ule mgonjwa peke yake, ingine wanaiacha, sababu ndizi ni chakula cha nyumba na ni pesa ya shule. Mwanafunzi aliwasikia. Aliandika ata maneno yao. Akifika kwenye hitimisho, anawaita wajinga kwa Kifaransa kizuri.

Kumbe watafiti walikuja kuonyesha kwamba bakteria haifikaki kwenye mashina yote ya kichaka, na kwamba kukata shina gonjwa peke yake, bila kuchelewa, na panga lililopitishwa mu moto, kunaweza kuushusha ugonjwa. Akina mama walikuwa karibu na ukweli kuliko hitimisho.

Mwanafunzi yule hakukosa akili. Aliandika kwa juri, sawa vile Lumumba wa 1956 aliandika kwa Mubeljiji. Ndiyo maana mu memwari tunajificha nyuma ya « nous ». Nous nani? Wewe ulikuwa peke yako mu shamba, na viatu vya matope.

Mutaniambia: juri ndiyo inatoa pointi. Kweli. Lakini Lumumba hakutukana sarufi. Alitumia Kifaransa cha sherehe, safi kabisa. Weka plani yako, weka jedwali, weka mahesabu. Kisha kwenye hitimisho andika: wanawake wa kijiji hiki wanakata shina moja, mashamba yao tuliyopima bado yanazaa, na ninafikiri wana haki. Juri ikiuliza umetoa wapi maneno hayo, waonyeshe ukurasa wa majibu, wewe mwenyewe uliujaza.