Fundi wa Viraka

Tangu 1994 mfumo endeshi wa FreeBSD umekuwa na mkusanyo wa maelekezo ya kujenga programu zilizoandikwa kwingine, na leo programu hizo zimepita 30,000. Wanaozitunza, kwa sehemu kubwa, si walioziandika. Mtunzaji huipokea kazi ya mtu asiyemjua, huhakikisha kwa alama ya SHA256 kwamba faili iliyomfikia ndiyo ile iliyokusudiwa, huijenga, na pale inapogoma huitia kiraka: faili ndogo inayosema mstari huu utoke, huu uingie. Kiraka hicho hukaa peke yake, kando ya msimbo wa asili, ili yeyote ajaye aone mkono wa fundi ulipita wapi. Mshonaji wa nguo husifiwa kiraka chake kisipoonekana. Huyu husifiwa kinapoonekana. Naiweka kazi hii miongoni mwa ufundi wa juu kabisa wa kompyuta, kwa sababu inadai jambo ambalo mwandishi wa programu mpya anaweza kuliruka, yaani kuielewa fikra ya mwenzako kabla ya kuigusa.

Hitilafu nyingine ni nyepesi. Mwandishi anayetumia Linux huita /bin/bash bila kufikiri. Kwenye FreeBSD bash si sehemu ya mfumo wa msingi, na ikisakinishwa hukaa ndani ya /usr/local/bin, basi ujenzi unakwama. Ngumu ni zile za maktaba. Programu inakataa kuanza kwa kuwa inatafuta maktaba yenye nambari 8, na mashine sasa ina ya 9. Mwenye haraka hutengeneza kiungo kinachoipa ya 9 jina la 8. Programu inaamka, naye anaondoka ameridhika. Lakini nambari ile haikupandishwa bure. Huenda mpangilio wa data kumbukumbuni umebadilika, na programu ya zamani sasa inasoma urefu mahali palipowekwa anwani. Itaanguka wiki ijayo, katika kazi isiyofanana hata kidogo na kiungo kile, na atakayetafuta chanzo atahangaika siku nzima. Fundi anayeijua kazi huuliza kwanza ni programu zipi nyingine zinazoitegemea maktaba hiyo, kisha huzijenga zote upya. Hata ujumbe wa makosa hausomi kwa kuanzia mstari wa mwisho, ambao mara nyingi ni mwangwi tu; hupanda juu hadi alikute kosa la kwanza.

Ushahidi mzito zaidi uko Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Mwaka 2006 Valgrind, chombo cha kuchunguza jinsi programu inavyotumia kumbukumbu, kililalamika kuwa OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, inasoma sehemu ambayo bado haijaandikwa kitu. Mtunzaji hakuvunja adabu: alipiga hodi kwa waandishi, akajibiwa kwamba kuondoa mistari inayolalamikiwa kunafaa ikiwa kunasaidia kutafuta makosa. Swali lilikuwa la karakana na jibu la karakana, ila kiraka kikaenda kwenye mashine za watu. Mistari miwili iliondolewa, na mmojawapo ndio uliokuwa ukimimina nasibu yote ndani ya birika la kutengenezea funguo. Kuanzia hapo, kilichotofautisha ufunguo na ufunguo wa aina na ukubwa uleule kilikuwa nambari ya mchakato, isiyozidi 32,768. Kosa lilitangazwa tarehe 13 Mei 2008. Muda wote huo programu ilijengwa bila tatizo na funguo zilionekana kama funguo nyingine zozote, ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kwamba mitambo inayojenga maelfu ya vifurushi usiku kucha imemaliza haja ya fundi.

Basi, atasema mpinzani, mtunzaji asiguse kitu. Kila mwandishi aifunge programu yake pamoja na maktaba zake zote, mtumiaji aipokee ilivyo. Hoja hii si ya kupuuzwa: toleo la leo hufika leo, bila kumsubiri mtu wa kati. Lakini Septemba 2023 ilitangazwa kasoro hatari katika libwebp, maktaba ya kufungua picha. Palipokuwa na nakala moja inayotumiwa na wote, mtunzaji alibadilisha hiyo moja, na programu zilipoanzishwa upya zikawa salama. Zilizobeba nakala tumboni, na ni nyingi maana kila iliyojengwa juu ya Electron hubeba kivinjari kizima, kila moja ilibaki ikimngoja mwenyewe.

Wala kutogusa si kinga. Mwanzoni mwa 2024 xz, programu ya kubana faili, ilitoka ikiwa na sumu iliyotiwa na mmoja wa watunzaji wake wenyewe, na sehemu ya sumu hiyo ilikuwa ndani ya kifurushi cha toleo tu, haikuwamo katika hazina ya msimbo ambayo watu huisoma. Aliyeinasa ni Andres Freund, msanidi wa PostgreSQL. Kuingia kwa mbali, kupitia SSH, kwenye mashine yake ya Debian kulichelewa kama nusu sekunde, akakumbuka na malalamiko ya Valgrind aliyokuwa ameyaona kabla. Tarehe 29 Machi akatangaza alichokikuta. Chombo ni kilekile cha 2006. Mara ile lalamiko lilinyamazishwa. Mara hii lilifuatwa hadi mzizini, na katika tofauti hiyo ndimo uliko ufundi ninaousifu.

Haki inataka niseme na la upande wa pili. OpenSSH, programu inayohudumia SSH, haiitumii xz. Debian na mifumo mingine kadhaa ya Linux ndiyo iliyoitia kiraka, ili iweze kuiarifu systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, kwamba iko tayari. Kiraka kikaileta libsystemd, nayo ikaivuta maktaba ya xz. Adui alipita juu ya kazi ya mafundi haohao. Na arifa yenyewe ni maneno machache yanayotumwa kwenye soketi, hayakuhitaji maktaba nzima. OpenSSH 9.8 ilipotoka Julai 2024, waandishi wake walikuwa wameiandika arifa hiyo wenyewe kwa mistari michache, na kiraka kile kikawa hakina tena cha kuziba.